Kupangisha Nyumba ya Mtaani kwa Wageni wa Siku Chache Lamu: Ruhusa, Mipaka na Haki za Jirani

Mwenye nyumba wa Mkomani, Langoni au Shela anayetaka kupokea wageni wa siku mbili tatu kwa kawaida huanza na magodoro, vyandarua na picha za kutia mtandaoni, kisha huenda ofisi za kaunti kukata leseni ya biashara, na akishaishika mkononi huamini kwamba upande wa sheria umekwisha. Haujakwisha. Leseni ya biashara humruhusu mtu kufanya biashara. Haiigeuzi nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni. Ruhusa ya kubadilisha matumizi ya nyumba ni jambo jingine, hutolewa na idara nyingine, na ndani yake jirani ana nafasi ya kusema. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya pande mbili, yaani mwenye nyumba anayetaka kupangisha bila kuvunja sheria wala ujirani, na jirani anayetaka kujua afanye nini nyumba ya ubavuni mwake inapoanza kuingia na kutoka watu asiowajua. Nimeziweka pande hizo pamoja kwa sababu Lamu nyumba hupakana ukuta kwa ukuta, na jambo lisilozungumzwa mapema huishia kwa chifu au mahakamani.

Wako watakaosema kwamba nyumba ni mali yangu, na mali yangu naitumia nitakavyo. Katiba ya mwaka 2010 inailinda mali katika Kifungu cha 40, lakini Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi kwa ajili ya afya ya umma na mipango mizuri ya makaazi, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti mipango ya ardhi na nyumba, leseni za biashara, utalii wa mashinani, pamoja na udhibiti wa kelele na kero nyinginezo. Kwa hiyo mamlaka ya Kaunti ya Lamu juu ya nyumba za wageni yanatoka kwenye Katiba yenyewe, na mwenye nyumba anayeyapuuza hujiweka pabaya kabla mgeni wa kwanza hajavuka gati.

Anza na wenye haki ndani ya nyumba

Nyumba nyingi za mji wa kale ni za urithi ambao haujagawanywa. Ndugu mmoja anakaa Lamu, wa pili yuko Mombasa, wa tatu yuko ng'ambo, na anayeshika funguo ndiye huonekana mwenye nyumba. Kisheria si hivyo. Kama mirathi haijapitishwa, pata idhini ya warithi wote kwa maandishi, wakiwamo dada walioolewa na kuhama, maana hao ndio husahauliwa mara nyingi na ndio hudai fungu lao baadaye wakati fedha zimekwisha kutiwa kwenye ukarabati. Mirathi ya Waislamu hushughulikiwa na Mahakama ya Kadhi, na ni afadhali kuchelewa msimu mmoja ukiisubiri hukumu kuliko kukarabati nyumba ambayo fungu lako ndani yake ni moja katika manane. Nyumba ikiwa ya wakfu, tafuta kwanza masharti ya aliyeiweka wakfu na uzungumze na wasimamizi wake. Nyumba iliyowekwa kwa ajili ya msikiti au kizazi fulani haiwezi kugeuzwa biashara ya mtu binafsi kwa sababu tu ilikuwa tupu. Na wewe uliyekodi nyumba kwa mwaka ukitaka kuipangisha tena kwa usiku, mkataba wako usomwe neno kwa neno, na idhini ya mwenye nyumba iandikwe na kutiwa saini.

Ruhusa ya kubadilisha matumizi

Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi yake ya mwaka 2019. Sheria hiyo inahesabu badiliko kubwa la matumizi ya jengo kuwa ni uendelezaji, hata kama hakuna jiwe lililopandishwa juu ya jingine, na uendelezaji wowote unahitaji ruhusa ya kaunti kabla haujaanza. Anayeanza bila ruhusa hutenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Swali gumu ni hili: ni wakati gani nyumba imebadilika matumizi kwa kiasi cha kuhitaji ruhusa? Familia inayobaki nyumbani na kumpa mgeni chumba cha juu nyakati za Maulidi haifanani na nyumba iliyotolewa wenyewe wote, ikawekwa vyumba sita vya wageni na msimamizi wa mshahara. Baina ya hizo mbili ziko namna nyingi, na anayeamua ni afisa wa mipango wa kaunti, si fundi wako wala dalali. Usikisie. Andika barua fupi kwa idara ya ardhi na mipango, ueleze nyumba iko mtaa gani, ina vyumba vingapi, wageni watakuwa wangapi kwa wakati mmoja, mwenyewe utakaa humo au la, na uulize waziwazi kama mpango huo unahitaji ruhusa ya kubadilisha matumizi. Ipeleke nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Barua hiyo ya ukurasa mmoja imewaokoa watu wengi kuliko maneno ya mdomo ya ofisini, kwa kuwa maafisa huhamishwa na maneno yao huondoka nao.

Ukiambiwa ruhusa inahitajika, utatakiwa kuwa na hati ya umiliki au ushahidi wake, stakabadhi za kodi ya ardhi iliyolipwa, michoro ya nyumba, na maelezo ya mpango yaliyotayarishwa na mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa. Ada hupangwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa kila mwaka, kwa hivyo uliza ada ya mwaka huu na usitegemee aliyolipa binamu yako. Tena sheria inamtaka mwombaji autangazie umma juu ya anachotaka kufanya, na tangazo hilo liwaalike watu wapeleke pingamizi zao. Hapa ndipo wengi hutaka kupita kimya, wakabandika karatasi pasipopita mtu. Mimi naona huo ni upungufu wa adabu na pia wa akili. Watu wa Lamu wanaujua uzito wa kushirikishwa: mwezi Juni mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa katika kaunti hii, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kama mradi wa ukubwa ule ulianguka kwa kasoro hiyo, ruhusa ya nyumba ya vyumba vitano iliyopatikana kwa kificho haina nguvu ya kusimama.

Mji wa kale na Makumbusho

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majengo yake yanalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Ukiwa ndani ya eneo hilo, ruhusa ya kaunti peke yake haitoshi kwa kazi ya ujenzi. Kabla ya kutoboa ukuta ili kila chumba kiwe na choo chake, kabla ya kuziba zidaka (vishubaka vya ukutani), kung'oa mlango wa kuchonga, kuondoa boriti na kumwaga zege, au kuongeza ghorofa ya makuti juu ya dari, yaani paa bapa la nyumba, wasiliana na ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayoshughulikia uhifadhi wa mji. Maafisa wake watakwambia chokaa gani itumike na saruji iepukwe wapi. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliofunikwa kwa saruji hunyonya unyevu na kuushikilia ndani, plasta ikaanza kubambuka. Basi ushauri huo una faida kwako mwenyewe, si kizuizi tu.

Dari, macho na sitara

Nakaa zaidi kwenye jambo hili kwa sababu ndilo chanzo cha magomvi mengi, na hakuna fomu inayoliuliza vizuri. Nyumba za Lamu zilijengwa zikiwa zimeupa mgongo mtaa. Ukuta wa nje hauna madirisha makubwa, mlango hufunguka kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, ili anayebisha hodi asione ndani, na maisha ya nyumba hufanyika kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Mpango huo wote ulisimama juu ya makubaliano kwamba hakuna atakayepanda juu na kutazama kwa jirani. Biashara ya wageni imeuvunja kwa njia nyepesi sana: mgeni anataka upepo, anataka kuona bahari na kuchwa kwa jua, basi mwenye nyumba humjengea baraza ya makuti juu kabisa, na kutoka kwenye baraza hiyo viwanda vitatu vinne vya majirani vinaonekana kama sinia.

Fanya hivi kabla hujamlipa fundi. Panda juu wakati wa alasiri, mahali unapokusudia kuweka viti, na uwe umepiga simu mapema majirani wajue uko juu. Kaa kwenye kiti, kwa kuwa jicho la aliyekaa halilingani na la aliyesimama. Andika upande kwa upande unachokiona: kiwanda cha nani, kamba ya nguo ya nani, dirisha la chumba cha nani. Kisha simama, urudie tena. Mahali unapoona kiwanda ukiwa umekaa, baraza haifai kuwekwa hapo. Isogeze au iache. Unapoona ukisimama tu, ukuta wa urefu wa mtu mzima au ukingo wa makuti unaweza kutosha, ila jirani mwenyewe ndiye wa kusema kama unatosha. Chora ulichokiona kwenye karatasi na uambatanishe na michoro ya ombi lako. Afisa wa mipango anayeona kwamba mwombaji ameshughulikia sitara ya majirani bila kuulizwa ana sababu moja pungufu ya kukataa.

Halafu nenda kwa majirani wenyewe. Usimtume msimamizi wala usipige simu ukiwa Nairobi. Nenda kwa miguu yako, ufuatane na mtu mzima anayejulikana mtaani, na kama jirani ni mwanamke anayekaa peke yake mtangulize mama, dada au mke wako. Maneno hayana haja ya kuwa mengi. «Mama, tunataka kupokea wageni katika nyumba hii. Hatujaanza lolote. Tumekuja tusikie nyinyi mnaona vipi, na lipi litawaudhi.» Kisha nyamaza umsikilize. Atakayoyataja kwa kawaida si wageni wenyewe, bali ni taa inayomulika chumbani kwake, muziki usiku wa Ijumaa, vijana wanaokaa kwenye baraza yake kuwasubiri watalii, au maji machafu yanayopita chini ya ukuta wake. Karibu yote hayo yana dawa, na dawa yake ni rahisi wakati huo kuliko baadaye.

Nyumba zilizounganishwa na wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kelele za chumba cha juu ya njia husikika pande zote mbili. Jirani wa ng'ambo ya njia naye ni jirani.

Maji na choo

Maji matamu ya kisiwa cha Lamu yanategemea hifadhi iliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na yakivutwa kupita kiasi maji ya chumvi huyaingilia. Familia ya watu watano inayooga kwa ndoo haitumii maji sawa na wageni kumi wanaotoka baharini na mchanga mwilini na kufungulia bomba la mvua mara mbili kwa siku. Hesabu tangi lako kwa idadi ya vitanda, na mchoree afisa wa afya ya umma mahali shimo la maji machafu lilipo, umbali wake na visima vya jirani, na njia ya kulinyonya au kulichota likijaa, kwa kuwa gari la kunyonya uchafu haliwezi kupita kwenye vichochoro vyetu. Kama huna jibu la swali hilo la mwisho, punguza idadi ya vitanda.

Leseni zinazofuata

Ukishapata ruhusa ya matumizi, leseni ni kazi ya kufuatilia tu. Ya kwanza ni leseni ya biashara ya kaunti, ambayo hukatwa upya kila mwaka. Ya pili ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii: Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inataja katika Jedwali lake la Tisa nyumba za wageni, vila, nyumba ndogo za likizo na hata wageni wanaokaa ndani ya familia kuwa miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni ya mamlaka hiyo, kwa hivyo kauli ya kuwa «hii si hoteli» haimwondoi mtu kwenye sheria. Sheria hiyohiyo ndiyo msingi wa tozo la utalii la asilimia 2 linalokusanywa na Hazina ya Utalii. Uliza mapema kama nyumba yako inaingia. Kukipikwa chakula kwa ajili ya wageni, wapishi wawe na vyeti vya afya na jiko likaguliwe. Kuuza pombe ni leseni nyingine kabisa, na kwa nyumba iliyo katikati ya mtaa wa Lamu ushauri wangu ni kutoiomba. Mapato yote yana kodi. Fungua hesabu tangu mgeni wa kwanza, uzungumze na mhasibu au Mamlaka ya Ushuru, maana mapato ya kulaza wageni kwa usiku hayahesabiwi sawa na kodi ya nyumba ya mwezi.

Daftari la wageni lisiachwe. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi, serikali ilisisitiza kwamba wenye nyumba hizo wasajiliwe na wawatambue wanaowapokea. Andika jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na idadi ya watu walio pamoja naye. Daftari hilo liwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuwajibisha kwa taarifa za watu ulizozishika. Picha za pasipoti zisitumwe kwenye makundi ya simu ya manahodha na waongozaji.

Masharti ya nyumba

Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zimeweka viwango vya maeneo ya makaazi: nje ya nyumba desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa hesabu ya kanuni hizo unaanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kiasi kidogo mno. Mazungumzo ya kawaida yakifanyika wazi juu ya dari huvuka hapo. Kwa hiyo sharti la kwanza la nyumba ya mtaani ni kwamba baada ya saa mbili usiku wageni hushuka vyumbani au hukaa juu kwa sauti ya chini, bila spika. Liandike kwenye tangazo lako la mtandaoni, lisomwe kabla mtu hajalipa, wala usingoje kulitaja mgeni akiwa mlangoni ameshachoka na safari.

Mgeni anayefika kwa ndege hutua Manda akavushwa kwa mashua, na anayekuja kwa basi huishia Mokowe akavuka vivyo hivyo. Mpokee gatini. Mgeni aliyeachwa aitafute nyumba kwa ramani ya simu hubisha milango ya watu, akavuta sanduku la magurudumu juu ya mawe ya njia usiku. Hamali mwenye mkokoteni na kijana mmoja wa kumwongoza humaliza tatizo hilo. Mweleze adabu za njia: mavazi ya kusitiri mwili akiwa mjini na si ufukweni, kutopiga picha za watu wala za ndani ya milango iliyo wazi bila ruhusa, kutokaa kwenye baraza ya mtu bila kukaribishwa, na kumpisha punda. Mwezi wa Ramadhani mwambie mapema kwamba chakula cha mchana atakila ndani. Wageni wengi huyapokea mambo haya kwa furaha yakielezwa kwa uungwana.

La mwisho katika masharti, na pengine kubwa kuliko yote, ni kuwa na mtu mmoja anayeishi Lamu, mwenye simu inayopokewa usiku, na namba yake wapewe majirani wote wanaopakana na nyumba pamoja na mzee wa mtaa. Nyumba ambayo mwenyewe yuko Ulaya na msimamizi huzima simu saa tatu usiku haipaswi kuwa na wageni.

Wewe jirani

Kama umeona tangazo la ombi na una pingamizi, liandike na ulipeleke kwa mtendaji wa kaunti anayesimamia ardhi na mipango kabla muda uliotajwa kwenye tangazo haujapita. Pingamizi lenye nguvu hutaja kitu mahususi na dawa yake. «Hatutaki watalii mtaani» ni hisia ninayoielewa, lakini haimpi afisa kitu cha kuamulia. Linganisha na hili:

«Mimi ni mkaazi wa nyumba inayopakana kwa upande wa kusini na nyumba iliyoombewa ruhusa. Baraza ya juu iliyo kwenye mchoro itaangalia moja kwa moja kiwanda chetu, mahali tunapopika, tunapoanika nguo na wanapokaa wanawake wa nyumbani. Sipingi wageni kukaa vyumba vya chini na vya kati. Naomba baraza hiyo isiruhusiwe. Au ikiruhusiwa, iwekewe sharti la ukuta wa urefu wa mtu mzima upande wetu, na isitumike baada ya saa mbili usiku. Picha na mchoro nimeviambatanisha.»

Uamuzi ukitoka na usikuridhishe, sheria ya mwaka 2019 inakupa siku 14 kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi, na baada yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache, hasa zikiangukia sikukuu. Omba nakala ya uamuzi siku hiyohiyo uliposikia habari zake. Mwombaji aliyekataliwa naye ana haki hiyohiyo ya rufaa.

Nyumba ikiwa tayari inapokea wageni na hukuona tangazo lolote, usianze kwa kugombana na mgeni, ambaye amelipa na hajui kitu. Zungumza na mwenye nyumba. Asiposikia, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 kuiandikia kaunti ukiuliza kama nyumba hiyo ina ruhusa ya kubadilisha matumizi na kwa masharti gani. Kaunti inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Jibu likiwa kwamba haina, omba kwa maandishi itolewe ilani ya utekelezaji, ambayo humtaka mhusika asimamishe matumizi hayo au ayarekebishe. Weka kumbukumbu wakati wote huo: tarehe, saa, kilichotokea, nani mwingine alisikia. Usiweke picha za wageni wala za nyumba mitandaoni ukiwashutumu. Utajiharibia shauri lako na kuwaudhi watu wasio na kosa.

Mtaa unapotaka sheria yake

Kufuata nyumba moja moja kunachosha, na mitaa ambayo nyumba za wageni zimekuwa nyingi inaweza kutaka mipaka ya jumla. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kisiwa cha Lamu kina wadi mbili, Mkomani na Shella, kwa hivyo wawakilishi wa wadi hizo wawili ndio wa kuanzia nao.

Mtafikiria muombe nini, na mifano ya miji mingine inasaidia kwa kiasi. Amsterdam iliweka mwaka 2019 kikomo cha usiku 30 kwa mwaka kwa anayepangisha nyumba anayoishi, na London ina kikomo cha usiku 90. New York, chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutekelezwa Septemba 2023, inamtaka mwenyeji anayepangisha kwa chini ya siku 30 ajisajili, awepo nyumbani, na asipokee zaidi ya wageni wawili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitazihuisha leseni za nyumba zake 10,101 za watalii, na kwamba zote zitakwisha ifikapo Novemba 2028.

Kikomo cha usiku 90 hakingezuia mengi hapa kwetu. Msimu wetu ni mfupi, masika hufunga nyumba nyingi kuanzia Aprili, na nyumba inayomuudhi jirani kila jioni ya Desemba na Januari inaweza kumaliza mwaka mzima bila kukivuka. Kufuta leseni zote nako kungemwangukia mjane anayeishi kwa chumba kimoja cha wageni kwa uzito uleule wa aliyenunua nyumba saba na kuzifunga miezi minane ya mwaka. Kinachoifaa Lamu, kwa maoni yangu, ni mambo manne ya kuombwa pamoja: daftari la wazi la nyumba zote zenye ruhusa, ambalo mkaazi yeyote aweza kulisoma, nafuu ya ada na urahisi wa utaratibu kwa mwenyeji anayeishi ndani ya nyumba yake, kikomo cha idadi ya nyumba ambazo mtu au kampuni moja yaweza kupangisha katika mtaa mmoja, na katazo la baraza mpya za juu zinazotazama viwanda vya watu. La kwanza ndilo jepesi kupata, na bila hilo mengine hayatapimika.

Ombi liwe na majina, namba za vitambulisho na saini za wakaazi, litaje wazi sheria inayotakiwa, na liseme ni hatua gani zimeshachukuliwa kwingine bila mafanikio. Washirikisheni wenye nyumba za wageni wanaofuata sheria tangu mwanzo, kwa kuwa nao huumizwa na wasiofuata, na saini zao zikiwamo hakuna atakayesema kwamba mtaa unaupiga vita utalii. Mswada ukisomwa na wananchi wakaitwa kutoa maoni, fikeni, mkiwa na maandishi mkononi, na mhakikishe wanawake wamepewa nafasi ya kusema wenyewe kuhusu viwanda vyao. Mkutano ukipangwa saa wasizoweza kufika, andikieni karani wa bunge kuomba kikao cha pili, na nakala ya barua hiyo iwekwe kwenye faili la mtaa pamoja na nyingine zote.